Mshale wa Kurudi

Kulikuwa na kijana mmoja, wapendwa, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za simu. Kituo cha afya cha kwao kikamwomba atengeneze moja ya wajawazito: uchungu ukianza, mama abonyeze, gari limfuate. Kijana alijitoa hasa, maana dada yake, ndiye aliyemlea, alikuwa katika mwezi wake wa mwisho, na anakaa mbali na barabara.

Alipomaliza, akampelekea yeye kwanza. Alimkuta mkekani, binti yake mdogo kamsinzilia mkono mmoja. Simu akaipokea kwa mkono uliobaki.

"Dada, jifanye uchungu umeanza. Ita gari. Mimi sisemi kitu."

Ndivyo mafundi wa kazi ile wanavyojaribu: humwachia mtu simu, wakanyamaza. Kijana akaikalia mikono yake, asije akanyoosha kidole.

"Imependeza, mdogo wangu! Rangi kama kitenge changu cha sikukuu!"

Dole gumba likahangaika. Akabonyeza "Mama na Mtoto", zikatokea picha za kunyonyesha. Gari lenyewe kijana alikuwa ameliweka ndani ya "Huduma Nyinginezo", juu kabisa pembeni, dole gumba lisikofika. Akiwa mezani kwake, mikono yote miwili mitupu, alipaona pazuri.

"Hapa nikikosea narudi wapi?"

"Unafunga, unaanza upya."

"Na uchungu huu?" Dada akacheka, kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe, baba. Mimi ndiye sijui simu."

Hapo ndipo kijana alipochomwa moyo. Njia kaificha yeye, na anayeomba msamaha ni dada!

Akarudi kazini. Sehemu ya chini ya kioo cha simu akaweka kitufe kikubwa: "Niitieni gari". Na kwenye kila ukurasa akachora mshale mdogo wa kurudi.

Juma lililofuata, mchana, dada anapepeta mchele, uchungu ukamshika. Hana mtu mzima karibu. Gari likafika, mtoto akazaliwa salama kituoni. Kijana akaja na chupa ya uji, kifua mbele.

"Kitufe changu kikubwa kimekuokoa, eeh dada?"

"Kitufe nilikikosa," dada akasema. "Uchungu ulinibana, nikaangukia kulekule kwenye picha za kunyonyesha. Nilitaka kulia. Ndipo nikauona mshale wako."

Wapendwa, sisi tunapenda kusema mlango wetu uko wazi. Uko wazi kwa nani? Kwa yule asiyekosea? Jirani tuliyeacha kusalimiana naye, mume aliyetamka neno baya asubuhi, binti aliyeondoka nyumbani kwa hasira: mshale wao tumeuchora wapi? Au tunawaambia, funga, anza upya? Tunaificha njia ya kurudi, halafu tunakaa tukingoja waombe msamaha kwa kutoiona.

Yule binti aliyeondoka, namba yako anaijua. Ameishika simu, hajui akibonyeza atapokelewaje. Leo ukipakua chakula, mpakulie na yeye. Funika sahani. Kisha mpigie wewe, usimuulize alikokuwa. Mwambie tu, "Mwanangu, chakula chako kipo."