Bwana Aliyeogopa Nati

Alikuwapo bwana mmoja aliyeogopa nati. Nimesema nati, ile ya kufungia bolti, tena ndogo, ya kumtosha mtoto kidoleni kama pete. Msicheke. Nanyi mna vyenu mnavyoviogopa, na vingine havifikii hata ukubwa huo.

Bwana huyu aliishi bondeni, na hospitali ilikuwa juu mlimani. Aliyeijenga huko bila shaka alikuwa na ugomvi na wagonjwa. Bwana wetu alikuwa na pikapu kuukuu, ya enzi zile gari lilipokuwa na kabureta, kile kikombe cha chuma kinachochanganya petroli na hewa. Kabureta hukaa juu ya manifodi, yaani bomba lenye vidole vinne, kila kidole kimeingia kwenye tundu lake la injini. Hapo ndipo gari linapovutia pumzi. Pakizibwa hapo, hilo si gari tena, ni banda la kuku lenye magurudumu.

Miaka ya nyuma, alipokuwa anafunga kabureta hiyohiyo, nati moja ilimponyoka ikadumbukia ndani, wala hakujua. Siku iliyofuata mkewe akashikwa na uchungu wa mimba yao ya kwanza. Wakapanda mlima. Walipofika katikati, kwenye kona kali, nati ikafika ilikokuwa ikienda. Injini ilitoa sauti kama sufuria limeanguka sakafuni, ikafa palepale. Mke alibebwa kwa machela sehemu iliyobaki. Walirudi nyumbani wawili, kama walivyoondoka.

Haya, nani anacheka sasa?

Alipata injini nyingine ya mtumba akaifunga, lakini moyo wa mtumba hauuzwi. Tangu hapo, akifungua chochote kwenye gari, nati alizipanga kwenye sinia, akazihesabu, akazifunika na kawa kama maandazi. Na kila tundu alilolikuta wazi aliliziba kwa tambara. Majirani walimtania: "Bwana, ukilala ziba na masikio, nati isije ikakuingia." Alikuwa anatazama chini kama kuna kitu kimedondoka.

Basi mke akapata mimba tena. Zikabaki siku chache, na mama yake akaja kukaa naye. Na gari nalo, kwa kuchagua wakati wake, likaanza kuzomea: sss, sss. Sailensa, yaani mwendo wa injini usipokanyaga mafuta, ikawa inapanda yenyewe, inashuka yenyewe, gari limesimama tu lakini linahema kama mtu aliyetoka kufukuzwa. Akajua gasketi ya manifodi, ile karatasi ngumu inayoziba maungio, imekatika, na injini inavuta hewa kwa mlango wa nyuma.

Akafungua asubuhi, mapema, jasho likimtoka kabla ya jua. Akachana fulana yake nyekundu mapande manne, akaziba matundu yote manne. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele, anamtazama bila kumtazama, maana kwao mkwe na mkwe hawasemeshani, wala hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Mama akitaka chumvi humwambia binti, "Mwambie mumeo atusogezee chumvi," na huyo mumeo yuko palepale, chumvi ameishika.

Akasafisha, akaandaa gasketi mpya, akaanza kuchomoa matambara, akiyatupia barazani. Alikuwa bado anachomoa mkewe alipoita kutoka ndani.

"Mume wangu, chupa imepasuka."

"Ya chai?"

"Ya mtoto."

Ndugu zangu, mmeshawahi kuona mikono ikisahau kazi yake? Spana ilianguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Alipachika gasketi, akapachika manifodi na kabureta yake, akafunga, na kila alipofunga nati moja alisimama kuhesabu zilizobaki kwenye sinia. Mke anaugulia ndani, yeye anahesabu. Zilitimia. Akahesabu mara ya pili, zikatimia. Nati aliilinda siku hiyo kuliko mtu anavyolinda jicho lake.

Akawasha. Gari likawaka, lakini likatikisika kama lina homa. Injini inamisi, inaruka pumzi moja kati ya nne. Akamwaga maji ya sabuni kuzunguka manifodi, aone kama inavuta hewa mahali: haivuti. Akakaza skrubu ya kabureta, akailegeza: vilevile. Akachomoa waya wa plagi, mmoja baada ya mwingine. Mitatu, ukiichomoa, injini inalalamika. Wa nne, ukiuchomoa, injini haijali, kana kwamba pale hapana mtu. Akabadilisha plagi. Pale bado hapana mtu.

"Ni nati," akanong'ona. "Imeingia tena."

"Si umezihesabu?" mke akauliza, ameshajikokota mpaka mlangoni na kanga mbili.

"Nimezihesabu."

"Basi twende."

"Itatufia njiani."

"Hapa nyumbani nani atanizalisha? Kuku?"

Wakaondoka. Mke mbele, mama mkwe nyuma kwenye bodi, amepakata gogo la kuzuilia gurudumu, maana breki ya mkono ya gari lile ilikuwa pambo, na ya mguu haikuaminika mlimani. Bondeni walikwenda. Mlima ulipoanza, gari likaanza kunong'ona. Gia ya pili. Gia ya kwanza. Watembea kwa miguu wakawapita wakiwasalimia. Walipokaribia ile kona, nayo ilikuwa ni ileile, yeye hakuwa anasikia injini tena. Alikuwa anasikia sufuria. Halijaanguka, lakini analisikia linavyoanguka.

Kwenye kona gari likazima.

Akakanyaga breki. Gari likasimama, likafikiri, likaanza kurudi nyuma polepole. Nyuma yao barabara inapinda, na palipopinda hapana kitu, ni hewa tu mpaka kwenye vilele vya miti. Mke alishika dashibodi kwa mikono miwili. Bwana yule aliona kwenye kioo chake mama mtu mzima akiruka kutoka kwenye bodi na gogo kifuani, akipiga magoti nyuma ya gurudumu. Gogo likagugumia, likashika.

Mama mkwe akaja dirishani. Si dirisha la binti yake. La mkwe. Akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu posa.

"Ile fulana nyekundu," akasema. "Uliichana mapande manne."

"Ndiyo, mama."

"Barazani yalibaki matatu. La nne liko wapi?"

Alishuka na spana, akafungua nati. Aliungua vidole viwili kwenye chuma cha moto na hakusikia. Alipoivuta manifodi nje, kulikuwa na kitu chekundu ndani ya tundu la nne, kimefyonzwa mpaka kwenye vali, kama ulimi wa mtu anayemcheka. Akakivuta taratibu, kikatoka kizima.

Injini iko wazi. Matundu manne, wazi kabisa, na hana hata uzi wa kuziba. Na zile nati, ambazo hawezi kuziweka chini kwenye mteremko, alikuwa amezishika kwenye kiganja chake kinachotetemeka, juu ya matundu.

"Nipe," mama mkwe akasema, akakinga mkono.

"Mama, mila."

"Mila ina uchungu? Nipe."

Akampa. Mkono kwa mkono. Akafunga, na kila alipohitaji nati alikiendea kiganja cha mama mkwe akaichukua, na matundu yakiwa wazi, na hakuna kilichodumbukia. Akawasha. Pale pa nne palikuwa na mtu. Walipanda ule mlima, na siku ya kurudi walirudi watatu, ukimwacha bibi, ambaye alikataa kukaa nyuma.

Sasa sikilizeni, wapendwa. Je, aliyemwangusha kwenye kona ni nani? Nati? Nati hazikumfanya lolote siku ile. Aliangushwa na tambara aliloliweka kwa mkono wake, ili nati isiingie.

Na sisi je? Yuko hapa mama aliyemwamini rafiki, siri ikatembea mtaa mzima, akasema sitamweleza mtu tena. Yuko baba aliyemzika mwana, akaapa kutowabusu waliobaki, wasije wakamuuma wakiondoka. Mlifanya vizuri kuziba. Siku ile kidonda kilikuwa wazi. Tambara si dhambi. Lakini kazi ilishakwisha, kwa wengine miaka kumi iliyopita, na tambara bado limo. Ndiyo maana unasali na unatikisika. Ndiyo maana kila mlima unakushinda, nawe unakaza skrubu za kabureta: unafunga wiki nzima, unabadilisha kanisa, unabadilisha kwaya. Pale pa nne hapana mtu. Na Mungu anakuuliza kwa upole, kama yule mama dirishani: lile pande moja liko wapi?

Utaogopa kulitoa. Mimi nakwambia kweli, utaogopa, maana tundu litakuwa wazi na mkono utatetemeka. Ndiyo maana Mungu hakukuumba uishi mlimani peke yako. Tafuta kiganja cha mtu uweke nati zako. Na mara nyingi ni kiganja cha yule usiyesemeshana naye.

Wimbo wa mwisho uko tayari, kwaya wamesimama. Lakini humu ndani kuna watu wawili ambao kila Jumapili wanaingia kwa milango tofauti, wasisalimiane. Hatutaimba kwanza. Mnajuana. Sisi tutakaa tu hapa, tunawasubiri.