Masikio ya Mtu wa Mashine

Wapendwa, nani kati yetu hajawahi kusimama kwenye mashine ya kusaga? Basi kelele zake mnazijua. Unamwambia mwenzako jambo, naye anakujibu lingine kabisa, mwishowe mnaachana kwa kucheka. Ukitoka pale masikio yanavuma mpaka unafika nyumbani na ndoo yako ya unga.

Sasa, palikuwa na mama mmoja ambaye mumewe kazi yake ilikuwa hiyo, kusimama mbele ya mashine kutwa nzima na kurudi jioni mweupe kwa unga kuanzia kope hadi vidole vya miguu. Sitawapa majina, maana nikiwapa mtaanza kutazamana. Mwenye jina ni mtoto wao tu, Lusekelo, aliyefariki ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Walimzika kule walikokuwa wakiishi zamani, pembeni ya migomba. Kisha baba akapata kazi ya mashine huku mjini, wakahama. Tangu hapo hawakurudi.

Mama huyu alikuwa na hamu moja. Si kitenge, si bati jipya. Alitamani siku moja yeye na mumewe waende pamoja, wang'oe majani juu ya kaburi la mtoto, wakae pale kidogo, walie kile kilio ambacho kila mmoja alikilia kivyake. Shemeji yake aliwahi kumwambia, "Shemeji, kama ni kwenda tu, mimi nitakusindikiza." Akakataa. Mtoto alizaliwa na wawili, alisema, siwezi kwenda kumwona kama mjane na mume ninaye.

Basi akawa analeta neno lake kila alipopata nafasi. Jioni mume ameketi anakula, uso ameuelekeza kwenye redio: "Baba Lusekelo, tutakwenda lini kule?" Kimya. Asubuhi mume ameinama anavaa viatu: "Mume wangu, mvua zikianza njia ya kule itaharibika." "Ee," anasema, na huyo anatoka. Ee ya namna gani hiyo? Akina baba mnaocheka, hiyo ee mnaijua.

Majirani wakamwonea huruma. "Mashine imemla masikio," wakamwambia. Naye akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Kiziwi unaweza kumsamehe. Kiziwi angependa kukusikia, ila hawezi. Akaishi na faraja hiyo, na hamu yake akaiweka ndani, ikawa inamrudia hasa jioni anapokunja nguo na kukumbuka kwamba kuna nguo ndogo hazikunjwi tena.

Ikatokea msiba pale mtaani. Akina mama wakachanga mahindi, yeye akatumwa kuyapeleka yakasagwe. Kwa miaka yote hiyo hakuwa na sababu ya kufika pale, maana unga ulikuwa unaletwa mlangoni. Akasimama kwenye foleni, khanga puani. Mbele yake alikuwa bibi mmoja asiye na meno, mwenye sauti ambayo hata chumbani ungemwomba arudie. Bibi akafungua mdomo, mashine inanguruma, akasema lake. Na mume akamjibu, "Sawa bibi, sikoboi, nasaga hivi hivi na maganda yake."

Mama akaishusha khanga puani. Kumbe anasikia. Akaja mwingine akiomba asagiwe upesi, ameacha mtoto ana homa; akasikika. Akaja mtani wake akamrushia utani, mume akacheka. Wapendwa, hebu fikirini, faraja uliyoegemea miaka yote inaporomoka mbele za watu, nawe umeshika ndoo. Aliumia mama yule. Alitaka kugeuka aondoke, mahindi ya msiba na yabaki pale pale.

Lakini alibaki, akatazama. Akaona jinsi mumewe anavyofanya. Mtu akifika mbele yake, anaacha alichokishika, anainama mpaka karibu, anamkazia macho usoni, midomo, nyusi, mpaka mtu amalize. Kazi ndiyo iliyomfundisha. Penye mashine sikio peke yake halifui dafu, kwa hiyo amejifunza kumsikia mtu kwa uso mzima. Na uso ule, mama hakuwa ameuona tangu enzi za uchumba. Aliutamani, ndugu zangu. Kwa dakika ile aliutamani hata kuliko safari yenyewe.

Zamu yake ikafika. Mume akainama, akamkazia macho kama alivyowakazia wengine. Mama hakutaja sembe wala dona. Kwa sauti ile ile ya nyumbani akasema, "Nataka twende wote kwa Lusekelo. Kaburi la mtoto wetu limeota majani, na mimi siwezi kwenda peke yangu."

Mume akabaki ameinama. Mahindi yakaisha mdomoni mwa mashine, ikawa inasaga upepo, watu kwenye foleni wakaanza kunyoosha shingo. Akaizima. Na kwa kuwa watu wa mashine hawajui kusema polepole, mtaa mzima ulimsikia alipouliza, "Mama Lusekelo, jambo kubwa hivi, mbona hukuniambia nyumbani?"

"Nimekuambia mpaka nimechoka," mama akasema. "Lakini nyumbani naongea na kisogo chako."

Mume akaiwasha tena mashine, akasaga unga wa msiba. Kesho yake waliokuja na ndoo zao waliikuta mashine imefungwa.

Ndugu zangu, sisi tuliomo humu si viziwi. Muuza nyanya anamsikia mteja katikati ya makelele ya soko. Mwalimu anasikia mnong'ono wa dawati la mwisho. Mama ntilie anaagizwa na meza nzima, watu wanapokezana kusema, na hakosei chapati ya mtu. Kazi imetufundisha kusikiliza, na tumefundishika vizuri sana. Kisha tukifika nyumbani tunavua masikio mlangoni pamoja na viatu. Tunasema tumechoka. Ni kweli, tumechoka. Lakini mbona mteja hakutukuta tumechoka?

Kila ibada inapokwisha mnasimama, nawaombea uso wa Mungu uwaelekee. Mmewahi kujiuliza kwa nini tunaomba uso? Kwa sababu anayekuelekezea uso ndiye anayekusikia, na hakuna kati yetu anayetaka kuomba mbele ya kisogo. Tunaupenda uso huo. Tunaupokea kila Jumapili, tunaitikia amina, halafu tunakwenda kumgeuzia mgongo aliyetupikia.

Mimi nimemaliza. Yule uliyemwacha nyumbani hajamaliza, na pengine leo ndiyo mara yake ya mwisho kujaribu.