Kikombe cha Mumiani

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni, saa kumi na dakika ishirini alasiri, hodi ilipigwa nyumbani kwa Zawena, Iringa. Ukungu ulikuwa umefika dirishani.

Ndani walikuwamo wanne. Zawena, Nkundwe na Bupe walikuwa wanachuo waliopenda hadithi za wanyonya damu kuliko chakula. Wa nne alikuwa shangazi yake Zawena, Bi Semeni, aliyewaita awapatanishe huku akimenya njegere.

Maana watatu wale hawakuwa wakisemezana. Asubuhi hiyo, kwenye maonyesho ya wapenzi wa hadithi hizo, mumiani wao, sanamu waliyoiunda pamoja, alishinda. Zawena alimtungia hadithi. Nkundwe alimshonea joho la pazia jeusi, bitana nyekundu. Bupe alimfinyangia uso kwa karatasi na gundi. Wakamtundika kwenye msumari, ndani yake hamna mtu, wakapewa kikombe kimoja chenye nafasi ya jina moja.

Kila mmoja akasema, "Ni changu." Bila hadithi angekuwa nani? Bila joho angevaa nini? Bila uso angetazama kwa kitu gani? Wakagombana hata wakakiacha kikombe palepale, chini ya msumari.

Sasa hodi. Zawena aliijua sauti ile ingawa hakuwahi kuisikia. Alikuwa ameieleza kwa aya nzima katika hadithi yake, kavu kama karatasi inayokunjwa. Aliijua pia kanuni ya ukurasa wa tatu: mumiani haingii mpaka aitikiwe. Akainua mkono awanyamazishe wote.

"Karibu," akasema Bi Semeni, macho kwenye njegere.

Joho likaingia. Upindoni palikuwa na mshono uliorukwa, uleule ambao Nkundwe aliuficha. Chini ya jicho palikuwa na alama ya kidole gumba cha Bupe. Na kati ya uso na joho, penye shingo, hapakuwa na kitu. Mgeni akaketi, akaweka kikombe mezani.

"Mmesahau hiki. Mwenyewe ni nani?"

Zawena akamwomba aondoke, kwa adabu zote.

"Kuingia uliniandikia," mgeni akasema. "Kutoka hukuniandikia. Basi nitatoka kama mgeni yeyote, kwa kusindikizwa. Mwenye kikombe atanisindikiza."

"Mpaka wapi?" akauliza Bi Semeni, kwa kuwa wako wageni ambao hawasindikizwi kupita kona.

"Mpaka kwangu. Zawena anapajua."

Zawena alipajua. Ukurasa wa tisa: aliyekwenda kwake hajawahi kurudi.

Nkundwe akanong'ona kwamba wangoje jua la asubuhi limuunguze. Zawena akakiri, kwa aibu, kwamba jua halimdhuru. Aliona waandishi wengine wamelichosha kwa kulirudia, akalifuta.

"Lakini likigusa kikombe kabla jina halijaandikwa juu yake," mgeni akasema, "nitasindikizwa na wote."

Ndipo madai yakageuka. Nkundwe akasema, "Mimi nilishona nguo, na nguo haitembei. Aliyempa hadithi ndiye aliyempa miguu." Bupe akasema, "Mimi nilifinyanga karatasi. Asingekuwa na joho, ingebaki karatasi." Zawena akasema, "Mimi niliandika maneno, na maneno yangu yalimzuia mlangoni. Yalikuwa hayana macho mpaka Bupe alipoyatia."

Bi Semeni akacheka kidogo. "Asubuhi mlikuwa matajiri watatu. Jioni wote mafukara." Kisha hakucheka tena, kwa sababu watatu wale walikuwa wakimtazama yeye. "Mimi nimeitikia hodi," akasema polepole. "Ninyi mngemwacha mtu nje?"

Usiku ule sitausimulia. Waliupitisha wameketi, na chai waliyomtilia mgeni ikapoa bila kuguswa.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja, mwanga ulikuwa umefika ukingoni mwa meza. Zawena akakivuta kikombe magotini. Akamtazama aliyeshona, akamtazama aliyefinyanga, akamtazama aliyeitikia. Akajitazama mwenyewe kwenye ubavu wa kikombe. Akafungua kalamu ya wino mzito, akaandika jina moja, kwa hati nzuri, bila kukosea herufi.

Mgeni akalisoma, akasimama.

Nanyi mliosikia, msinijibu kwa haraka. Kikombe kile kilikuwa cha nani? Je, nani alistahili kuandikwa?