Zamu Sita za Bi Punda

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana kompyuta zilikwisha kuingia porini, mvua ilikataa kunyesha miaka miwili mfululizo. Wanyama wote wakawa wanategemea kisima kimoja, na mkuu wa kisima alikuwa Bwana Kiboko.

Maji yalipandishwa kwa gurudumu kubwa la mbao. Walilisukuma watatu kwa kupokezana: Nyati, Fisi na Bi Punda. Karani wao alikuwa Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa akili.

Siku moja Bwana Kiboko akaleta kompyuta ya kupanga zamu.

"Kuanzia leo hakuna kugombana!" akanguruma. "Hii itagawa kazi yenyewe. Kila mmoja amwambie Nguchiro saa asizoweza, kisha abonyeze mguu wake hapa."

Nyati akawahi. "Adhuhuri siwezi! Jua hunipasua kichwa."

"Hata mimi!" Fisi akadakia. "Adhuhuri namuuguza shangazi yangu."

Wala hakuwa na shangazi.

Bi Punda alikuwa mjane mwenye mtoto anayenyonya. Aliogopa kufukuzwa. Akasema taratibu, "Mimi niandike wakati wowote, mdogo wangu."

Nguchiro akaandika. Alijua kitakachotokea, lakini akaandika.

Orodha ikatoka. Kila mmoja kapewa zamu sita kwa wiki. Nyati, asubuhi tatu na jioni tatu. Fisi vivyo hivyo. Bi Punda, adhuhuri zote sita.

Kriii! Kriii! Gurudumu likalia. Mchanga ulimchoma kwato, jasho likamkaukia mgongoni. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Maziwa yakapungua. Mtoto akawa analia, iih! iih! mpaka sauti ikamkauka.

Bi Punda akaenda kwa Bwana Kiboko. "Mkuu, jua linanimaliza. Wenzangu wanipokee hata siku mbili."

"Hmf! Wewe una zamu ngapi?"

"Sita, Mkuu."

"Na Nyati?"

"Sita."

"Na Fisi?"

"Sita."

"Sasa unalalamikia nini? Kompyuta haina mjomba!"

Bi Punda akaondoka, kichwa chini. Nguchiro alikuwa kando, amesikia yote, na usingizi ukampaa usiku ule.

Alhamisi jioni akamwendea Nyati, akamnong'oneza sikioni. "Kaka, usimwambie mtu. Mkuu anatafuta naibu. Kompyuta itamchagua miongoni mwa walioandika wakati wowote. Kwa sasa yumo Bi Punda peke yake."

"Ati nini? Punda aje aniamuru mimi?"

Gidi! gidi! gidi! Nyati akakimbia, akabonyeza. Pa!

Fisi naye akaambiwa yale yale.

"Na shangazi je?" Nguchiro akamuuliza.

"Amepona!" Pa!

Kisha Nguchiro akaenda kwa Bi Punda. "Dada, nimekuandikia kwamba adhuhuri na jioni huwezi. Bonyeza hapa. Kuanzia Jumatatu utasukuma asubuhi tu."

"Hawatanifukuza?"

"Hawatakufukuza. Adhuhuri imepata wenyewe."

"Na kesho? Na keshokutwa?"

"Orodha haibadiliki katikati ya wiki, dada. Vumilia siku mbili."

"Siku mbili," akarudia Bi Punda, kama aliyeambiwa miaka miwili. Akabonyeza.

Ijumaa akasukuma. Jumamosi akasukuma, akaanguka, puu! Akainuka. Akaanguka tena, akainuka tena, akamaliza zamu yake.

Jumatatu alfajiri orodha mpya ikatoka.

"Adhuhuri? Mimi?" Nyati akafoka.

"Tumedanganywa!" Fisi akapiga yowe. "Naibu yuko wapi?"

"Hakuna naibu," Nguchiro akajibu. "Mmebonyeza wenyewe, kwa miguu yenu."

Bwana Kiboko akatazama kioo cha kompyuta. Kila mmoja ana zamu sita. Hakuona cha kubadilisha.

Nguchiro akacheka, kwekwekwe! Akaita kwa furaha, "Bi Punda! Asubuhi!"

Kimya.

"Bi Punda!"

Kimya.

Nguchiro akatoka mbio hadi nyumbani kwake. Akamkuta amelala mlangoni, mwili umekwisha kupoa. Mtoto alikuwa bado anatafuta ziwa la mama yake.

Nguchiro hakulia mbele ya mtoto. Akamchukua kwake, akamnywesha uji kwa kijiko, kidogo kidogo. Lakini moyoni alijua kwamba hila ile aliyoifanya Alhamisi angeweza kuifanya siku ile ile orodha ya kwanza ilipotoka.

Habari zilipomfikia Bwana Kiboko, aliitazama tena orodha ya zamu. Kisha akaagiza kwamba zamu moja ya adhuhuri ihesabiwe kuwa mbili. Amri ilikuwa njema. Bi Punda hakuisikia.

Basi, wanangu, neno langu kwenu ni hili: msihesabu tu zamu za mwenzenu, ulizeni pia zina uzito gani, na muulize mapema.