Kwa Nini Bakuli la Mbingu Bado Liko Njiani

Hii ni habari ya siku ambazo Mbingu alikuwa jirani. Wakati huo hakukaa huko juu anakokaa leo, kwenye baridi na ukimya, mahali ambapo watu hawafiki ila kwa chombo kinachotapika moto. Alikaa papa hapa, juu kidogo ya nyumba za tembe, zile zenye paa bapa la udongo, na mwanamke aliyepanda juu ya paa kuanika mtama aliweza kumgusa kwa kiganja akitaka. Watoto walikatazwa kumtekenya, na bila shaka walimtekenya.

Katika kilima cha Ilindi, nyumba iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa ya Mama Malogo. Kwa sababu hiyo yeye ndiye aliyekuwa akipokea bakuli. Bakuli lenyewe lilikuwa la Mbingu, jeupe, jepesi kama ganda la yai, na lilikuwa moja tu. Kila msimu wa kupanda ulipowadia, Mbingu alilijaza mvua akaliteremsha polepole huku akibisha, "Hodi huko chini!" Mama Malogo alilipokea kwa mikono miwili, akaliinamisha ukingoni mwa paa, na mvua ikashuka kilimani mpaka kila shamba likanywa likasema basi. Halikuwa bakuli kubwa kwa kulitazama, lakini vitu vya Mbingu havipimwi kwa macho.

Baada ya mavuno bakuli lilirudishwa kwa mwenyewe, na hapo ndipo palipokuwa na mila. Jirani akikuletea kitu katika chombo chake, humrudishii chombo hicho kitupu. Unatia kitu humo. Basi watu wa Ilindi walitia unga wa uwele, au mlenda mkavu, au ubuyu, au karanga za kukaanga. Karanga ndizo alizozipenda Mbingu kupita vyote, na alipozitafuna watu walisikia ngurumo mpaka bonde la pili. Kulirudisha hakukuwa na kazi, maana vitu vyetu ukiviachia huanguka chini, lakini vya Mbingu ukiviachia hupanda. Ulikiachia tu chombo, nacho kikamfuata mwenyewe.

Mama Malogo alipoanza kuumwa magoti, akawa hawezi tena kupanda ngazi, kazi ya bakuli ikamwangukia mkwe wake, Sechelela. Sechelela alikuwa ameolewa na Malogo karibuni tu. Alikuwa binti wa mikono safi, mwenye kupenda kila kitu kiende sawa, na alitaka sana watu wa nyumba ile wamwone anafaa. Mara ya kwanza kurudisha bakuli alilijaza karanga mpaka zikamwagika, akafunika kwa kawa aliyoisuka mwenyewe. Mbingu akafurahi kupita kiasi. "Huyu bibi harusi ataninenepesha!" alisema, akatafuna mchana kutwa, na mbwa wote wa Ilindi wakakimbilia chini ya vitanda.

Tangu hapo wakawa marafiki. Asubuhi Sechelela akipanda kuanika mtama, Mbingu alimsalimia, akamuuliza mumewe ameamkaje, na magoti ya mama yanaendeleaje. Mara nyingine alimtania kwamba anatandaza mtama mithili ya mtu anayelaza mtoto. Sechelela alicheka, naye alimtania Mbingu kwa mawingu yake yaliyochakaa pembeni. Alizipenda asubuhi zile kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mtu.

Mwaka uliofuata mvua ilikuja vizuri, mtama ukasimama hadi mabegani. Kisha wakaja kwelea, wale ndege wala nafaka, kwa maelfu. Walifunika mashamba, wakala humo kutwa, na walipoondoka mashuke yalibaki yamesimama matupu kama mifagio. Kila nyumba ilivuna makapi. Hata karanga zilikuwa zimefukuliwa na panya. Watu wakala mlenda, wakala mizizi, wakauza kondoo kwa watu wa mbali, wakajikaza.

Na bakuli la Mbingu likawa liko ndani, linangoja kurudishwa.

Sechelela akalizunguka siku nzima. Atie nini? Unga uliobaki ulikuwa wa uji wa mama mkwe. Makapi? Makapi anapewa kuku! Yeye aliyetia karanga zikamwagika, aliyeitwa bibi harusi wa kunenepesha watu, leo ampelekee rafiki yake maganda? Akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Akasema moyoni, ngoja mavuno yajayo, nitalirudisha limejaa mara mbili. Na kwa kuwa bakuli lilitaka kupanda lenyewe kwenda kwao, akalifunika kwa jiwe la kusagia, pembeni mwa jiko, akatandika ngozi juu yake.

Jambo hilo lilikuwa baya kwa sababu moja ambayo Sechelela hakuifikiria. Mbingu hakuwa na bakuli jingine.

Asubuhi Mbingu akabisha kama kawaida. "Hodi, bibi harusi! Mmeamkaje?" Sechelela akamsikia, akajitia hamnazo. Akaanza kuanika vitu uani badala ya juu ya paa. Alipolazimika kupanda, alipanda amejifunika kitenge, akashuka upesi. Mbingu hakuuliza habari za bakuli. Angewezaje? Kumuuliza jirani chombo chako kiko wapi ni kumwambia usoni kwamba ameshindwa, na Mbingu alilelewa vizuri. Badala yake alikaa akawaza, na mawazo ya mtu mwenye haya hayana breki. Labda wamenichoka, alijiambia. Labda nakaa chini mno. Labda mawingu yangu yanawalowanishia mtama, nao kwa adabu zao hawasemi. Akajisogeza juu kidogo ili asiwasumbue. Siku nyingine akajisogeza tena.

Wale wawili walikuwa wakipendana, na kila mmoja akamkimbia mwenzake kwa heshima tupu. Kama kuna kosa ambalo watu wa Ilindi tu ndio wangeweza kulifanya, ndilo hilo.

Msimu wa kupanda ukafika. Hakuna aliyebisha hodi. Mbingu alikuwa ameenda juu kiasi kwamba hata fimbo ndefu haikumfikia, na rangi yake ilikuwa bluu ya mbali, isiyo na wingu. Udongo ukapasuka. Malogo na wanaume wengine walichimba maji kwenye mchanga wa korongo, na kila siku walichimba chini zaidi. Wazee walikaa kikao cha asubuhi mpaka jua la utosi, wakalaumiana, kisha wakaamua: Ilindi itahama. Watavuka nyika kutafuta maji, mwendo mrefu, na atakayeweza kutembea atembee.

Mama Malogo alisikia uamuzi huo akiwa ameketi mlangoni, anajisugua magoti. "Nendeni salama," alisema kwa utulivu. "Mimi nitalinda nyumba."

Malogo akatoka nje. Sechelela alibaki ndani. Alijua kwa nini hakuna mvua. Alikuwa amelijua hilo tangu siku ya kwanza ambayo hodi haikusikika, ila alilisukuma mbali kama mtu anayesukuma mlango usifunguke. Sasa aibu yake ilikuwa inamwacha mama wa watu peke yake katika kilima kikavu, bila mtu wa kumpikia uji.

Wakati uleule jiwe la kusagia likagonga sakafu. Bakuli lilikuwa linasukuma, likitaka kwenda kwao. Likagonga tena.

"Mkwe wangu," Mama Malogo alisema bila kugeuka, "hilo jiwe lina nini? Naona lina homa."

Sechelela akapiga magoti mbele yake, akamwambia yote: karanga za mwaka ule, kwelea, haya, jiwe. Alisema huku analia, akangoja kufukuzwa.

Mama Malogo alimgeukia. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na Sechelela akadhani analia, kumbe anacheka.

"Mwanangu, mwaka wa nzige mimi nilitia nini humo?"

"Sijui, mama."

"Majivu! Majivu ya jikoni, yangali na moto kidogo. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho kingi. Mbingu alipiga chafya mpaka nguo za watu zikaruka kambani. Tulicheka naye msimu mzima." Akajifuta macho. "Ni nani aliyekwambia litiwe chakula? Yule hana njaa. Mila inasema lisirudi tupu, basi. Ukitia kitu, umemwambia kwamba alikuwa moyoni mwako ulipokuwa unaliosha."

"Lakini nina makapi tu."

"Basi una kitu. Inuka, mwanangu, kabla hawajafunga mizigo."

Sechelela hakulala. Alfajiri, jua likiwa linachungulia, alipanda juu ya paa amekumbatia bakuli lililojaa makapi ya mtama aliyoyapepeta upya, safi, bila hata punje ya mchanga. Alivua kitenge kichwani. Alitazama juu, akaona jinsi Mbingu alivyokwenda mbali, na machozi yakamtoka.

"Mbingu!" aliita. "Mbingu, jirani yangu, hodi!"

Sauti yake haikufika hata nusu ya njia.

Basi akaliachia bakuli. Likapanda kwa furaha, kama mbuzi aliyefunguliwa. Lakini safari ilikuwa ndefu kuliko zamani, na huko juu upepo ulikuwa mkali. Likayumba, likalala upande, makapi yakaanza kumwagika. Jua la asubuhi likayapiga, na kila kapi likawaka, dogo, la dhahabu, yakatawanyika nyuma ya bakuli yakilifuata kama vifaranga wanavyomfuata mama yao.

"Yanamwagika!" Sechelela alipiga kelele. "Mama, litafika tupu!"

"Yanang'aa?" Mama Malogo aliuliza kutoka uani. Kwa macho yake ya uzee hakuona mbali.

"Yanang'aa sana, mama."

"Basi na aone."

Likaendelea kupanda likawa dogo, likawa nukta, likapotea. Sechelela akaketi juu ya paa ameshika tama. Chini yake watu walikuwa wanafunga mizigo juu ya punda. Malogo alipanda akaketi pembeni yake, akamshika mkono. Wakakaa hivyo mpaka paa likaanza kuwa na joto.

Na huko mbali Mbingu, aliyekuwa amewapa watu kisogo kwa huzuni, aliona kitu kinameta kwa nyuma. Akageuka. Akaliona bakuli lake, liko chini sana bado, linakuja polepole likijizungusha, na nyuma yake msafara wa cheche za dhahabu. Hakujua ni makapi. Hata angejua, asingejali. Alijua jambo moja tu, kwamba kule chini kuna mtu aliyeliosha bakuli lake akamfikiria. Furaha ikamjaa hadi akashindwa kulingoja lifike. Akachota mvua kwa mikono yake mitupu akaimwaga.

Tone la kwanza lilimpata Malogo puani. La pili lilianguka juu ya mzigo wa mtu. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kutofautisha matone. Watu walisimama katikati ya punda wao, midomo wazi, wakinywa. Sechelela aliteremka ngazi kwa kuteleza, akamkumbatia mama mkwe wake, wakacheka na kulia pamoja katika tope jipya, na hakuna mtu wa Ilindi aliyehama.

Na tangu siku hiyo Mbingu hakurudi kukaa karibu. Amezoea huko juu, na pengine anapenda kutuona wote kwa pamoja. Tangu siku hiyo vilevile mvua haiji kwa bakuli. Mbingu huimwaga kwa mikono, na mikono huvuja, ndiyo maana shamba lako hupata na la jirani yako likakosa. Ukimsikia ananguruma, bado anazikumbuka karanga.

Lakini bakuli lake hajalipokea mpaka leo. Angeweza kunyoosha mkono akalichukua, ila aliona ni tamu mno kulitazama linavyokuja. Chombo kikishafika, safari imekwisha. Kikiwa njiani, kila asubuhi mtu anajua kwamba anakumbukwa. Basi akaliacha lizunguke huko, taratibu, pamoja na makapi yake.

Kwa hiyo msishangae mkisikia redioni kwamba watu waliopanda juu kwa vyombo vya moto wameona kitu. Husema kwamba jua lilipochomoza, vilitokea dirishani vitu vidogo vya dhahabu, vingi, vikielea pamoja nao bila haraka. Wengine husema wameona kitu cheupe kinajizungusha mbali, hakina taa, hakina mtu. Huuliza wenzao walioko chini, na hao huwaambia labda ni barafu, labda ni rangi iliyobanduka. Huenda ikawa hivyo, kwani wao wamesoma na wana vipimo.

Ila pale Ilindi, ambako mpaka leo bakuli la jirani hurudi na chumvi kidogo au jani la mboga ndani yake, wanawake wakisikia habari hizo hutazamana wakacheka kwa raha. Husema, "Waambieni walioko huko juu wasiliguse. Lina mwenyewe, naye analiona."