Foroni Iliyosafiri na Sindano Yake

Sindano iliyochomekwa haijaaga. Ndivyo shangazi yenu Hawa alivyomwambia mama yake Rukia sasa hivi, alipomkuta analikunja gauni la Rukia alitie sandukuni, ati limekaa miezi mitatu na mkono mmoja. Mmecheka, mkauliza sindano na kuaga wapi na wapi. Haya, endeleeni kuchambua maharage, maana masikio hayachambui, nami nitawaambia maneno hayo yalikozaliwa.

Yalizaliwa papa hapa Kondoa, miaka ile watu wazima walipotakiwa wote wajue kusoma, wamama wakawa wanakwenda darasani na watoto mgongoni. Darasa hilo liliitwa ngumbaru. Alikuwepo mama mmoja jina lake Chiku binti Idi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini mikono yake haikujua kukaa bure. Mungu alimpa mtoto mmoja tu, Mwajabu.

Mwajabu aliposwa na kijana wa kazi ya reli aliyekuja likizo ya wiki tatu. Wiki tatu, jamani! Harusi ikapigwa mbio mbio kama watu wanaokimbia mvua. Siku zile kila mama alimpa binti yake foroni mbili za mito alizozidarizi kwa mkono wake, moja ya bwana na moja ya bibi. Chiku alimaliza ya bwana. Ya bibi ilikuwa na ua moja na nusu. Siku ya safari akaingia jikoni kufunga chapati za njiani, na dereva wa lori, ambaye labda yeye alizaliwa na jiwe, akapiga honi akaondoka. Chiku alitoka na chapati zake mkononi akakuta vumbi. Hawakuagana.

Mpanda, alikopelekwa Mwajabu, si karibu. Ni lori mpaka Dodoma, kisha treni, na treni ile ilikuwa na tabia zake. Barua zilifika kila baada ya miezi miwili hivi, na Chiku hakujua hata a. Alizipeleka kwa Mwalimu Gewe, mtu mwema sana, naye akazisoma barazani kwake kwa sauti ya kuhutubia mkutano, majirani wakisogea na vigoda vyao. Mimi sijambo, hofu na mashaka ni juu yenu huko. Mkweo hajambo. Mvua zimenyesha. Basi, mwisho.

Chiku alirudi nyumbani na karatasi ile kifuani na moyo mtupu. Mwanawe alikuwa mtu wa kusimulia mpaka idadi ya mayai ya kuku wa jirani, na katika barua hizo Mwajabu hakuwamo. Alielewa sababu. Mtu havui nguo sokoni. Mwajabu alijua kila neno litapita kwanza mdomoni mwa mwalimu na masikioni mwa mtaa. Chiku akatamani kitu kimoja tu duniani, kuisoma barua ya mtoto wake kwa macho yake mwenyewe, ili mtoto apate kusema.

Akajiandikisha ngumbaru. Asubuhi alikuwa shambani kwenye uwele, akitoka huko anapitia chemchemi na ndoo, anamkorogea uji mamamkwe wake Bi Mwantumu aliyeumwa miguu, na saa tisa yuko darasani anafukuzana na ma me mi mo mu. Muda wa foroni ulikuwa mmoja tu, pale maji ya ugali yanapokuwa motoni hayajachemka. Foroni ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Chiku aliitungua, akashona jani moja la ua, pengine nusu jani. Maji yakitokota anachomeka sindano palepale alipofikia, na uzi wake, anakwenda kusonga. Mama yake mzazi alimfundisha hivyo. Kazi isiyokwisha haichomolewi sindano. Ukiichomoa ukairudisha koponi, umeiaga kazi, na kazi iliyoagwa hairudiwi.

Siku moja alitoka darasani, akaweka sufuria motoni, akatungua foroni. Hakuona sindano.

"Mama, sindano iliyokuwa humu iko wapi?"

"Nimetolea mwiba," akajibu Bi Mwantumu kutoka mkekani. "Ipo koponi. Kwani hicho kitambaa si kimeachwa? Mwaka sasa."

Chiku akakaa chini, akajifunika foroni usoni. "Umeniagia mwanangu, mama."

"Mimi nimemuaga nani?"

"Mwajabu aliondoka hatujaagana. Sindano niliiacha humo ili iwe bado. Kila nikiiona najiambia, bado."

Bi Mwantumu, ambaye kwa ulimi mtaa mzima ulimheshimu kwa mbali, aliinuka akakaa mkekani. Kisha akasema, "Mbona hukuniambia?"

"Ungecheka."

"Ningecheka," akakiri. "Lete kopo."

Macho yake hayakuona tundu la sindano, basi Chiku akatunga uzi. Lakini kuchomeka alichomeka mwenyewe yule bibi, akipapasa kitambaa kwa kidole mpaka akapata tundu lilelile sindano ilimochomolewa.

"Haya. Haijaaga. Mimi niliiazima tu." Akajiburuza mpaka jikoni, akashika mwiko. "Nawe kasome. Ugali wa watu watatu, mimi na wewe na mumeo, haunishindi, hata kwa kukaa."

Tangu siku hiyo Chiku akapata muda kidogo wa ziada, na maua yakaisha. Katikati ya foroni ilibaki ile nafasi ambayo wengine huandika Usiku Mwema. Chiku hakuutaka usiku mwema. Alitaka neno ambalo mtu yeyote njiani angeweza kulitazama, na Mwajabu peke yake alielewe. Akaandika kwa penseli herufi alizozijua, akaanza kuzifuata kwa uzi wa buluu. NASOMA MWENYEWE. Hilo ndilo neno alilolikusudia. M moja ilikula sufuria mbili za maji.

Akafika NASOMA MWE, akakwama. Darasa lilikuwa bado halijafika nya nye nyi. Mtasema, si angemuuliza mwalimu? Lakini mwalimu ndiye yuleyule Gewe aliyemsomea barua miaka miwili bila kinyongo. Unamwombaje mtu akufundishe kuandika kwamba humhitaji tena? Akaona haya. Akasubiri darasa lifike lenyewe.

Wakati anasubiri, akapita Swalehe, shemeji yake Mwajabu, aliyekuja msibani na anarudi Mpanda siku hiyohiyo adhuhuri. Chiku akaitungua foroni vilevile.

"Chomoa basi hiyo sindano," Bi Mwantumu akasema. "Itamchoma mtu."

"Itakwenda nayo."

Akauzungusha uzi uliobaki, akaichomeka sindano mbele ya E, akafunga kwa kipande cha kanga, akampa Swalehe.

Miezi mitatu haikuja hata barua. Chiku alimaliza nya nye nyi, akaanza ng'a, na kila lori lililotoka Dodoma alilisikia akiwa shambani. Alimkumbuka mtoto mpaka akawa anaweka sahani ya nne. Halafu bahasha ikaja, nene. Mwalimu Gewe, akiwa barazani, akanyoosha mkono kama kawaida.

"Lete, mama Mwajabu."

"Ahsante, mwalimu. Hii nitaanza mwenyewe."

Mwalimu akamtazama. Mkono wake ulikaa hewani kidogo, kisha akacheka kwa furaha ya kweli. "Ukikwama kwenye ng'ombe, uje."

Aliisoma kwa siku kumi na moja. Mstari mmoja maji yakiwa motoni, pengine maneno matatu. Alipoishia alichomeka sindano kwenye karatasi. Majirani wakauliza, Mwajabu anasemaje? Akajibu, sijafika. Siku ya kwanza alifika hapa, *Mama, sindano nimeikuta.* Siku ya tatu, *Lile neno nimelimalizia mimi, NYEWE, kwa uzi mwekundu, maana buluu sikuwa nayo.* Siku ya sita akasoma hivi.

*Mama, nilizaa. Mtoto wa kike, nikamwita Chiku. Alikaa siku tisa. Sikuweza kukuambia barazani kwa mwalimu.*

Siku hiyo maji yalikauka sufuriani mpaka Bi Mwantumu akasikia harufu. Alimkuta Chiku anaitazama karatasi bila kuiona. Aliepua sufuria, akakaa karibu naye, wakalia wote wawili. Sindano ilikaa kwenye mstari ule siku mbili, Chiku hana nguvu ya kuendelea. Alipoirudia, mwisho wa barua ulisema, *Lori liliondoka sijakuaga, nililia mpaka Dodoma. Sasa nashukuru. Sindano iliyochomekwa haijaaga, mama, nami sijaaga.*

Basi maneno yakatoka hapo yakaingia mtaani. Mwenye shamba nusu akayasema, mwenye ukuta usiopauliwa akayasema, na wavivu nao wakayadandia, kama ilivyo ada.

Unauliza kama Mwajabu alirudi, Rukia? Alirudi masika ya pili, akakaa mwezi. Kisha akaondoka, kwa kuwa mumewe alikuwa kule, na kaburi dogo lilikuwa kule. Lakini kabla ya kupanda lori alianza ua kwenye kitambaa kipya, akachomeka sindano, akakitundika kwenye ule msumari. Alifanya hivyo kila alipokuja. Hawakuagana tena kamwe, wale wawili.

Mwaka mmoja ikamfikia Mwajabu simu ya upepo kwamba Chiku ameaga dunia. Alipofika walikwishazika. Akapita katikati ya watu, akaingia jikoni, akatazama nyuma ya mlango. Kitambaa kilikuwepo. Ua aliloliacha na majani matatu sasa lilikuwa na majani manne, na la nne mshono wake ulikuwa umepinda, mshono wa mkono unaotetemeka. Mbele yake sindano imechomekwa.

Mwajabu hakuichomoa. Ninyi mlimwita Bibi Mpanda na jina lake hamkuwahi kuliuliza. Ndiye mama yangu. Kitambaa chenyewe ni kile kilichoko nyuma ya mlango wangu wa jikoni, ambacho mnadhani bibi amekisahau.

Basi, mama Rukia, rudisha hilo gauni mahali pake. Mtihani ukipita litapata mkono wa pili. Nawe Rukia, maji yamechemka, nenda kasonge, kitabu kiache hapo hapo kilipofunuliwa. Sindano iliyochomekwa haijaaga.