Umtakaye Asubuhi, Mlaze Jioni

"Umtakaye asubuhi, mlaze jioni." Mlilisikia neno hilo jana kwa kiongozi wenu, mkaangaliana, mkacheka, na mmoja wenu akauliza kama ni methali ya yaya. Kuuliza si vibaya. Kaeni basi, na hizo simu ziwekeni chini kidogo. Methali hii haikutoka kwa yaya. Ilitoka huku huku juu kwenye milima ya Lusanje, ambako ninyi mnajifunza kutembeza wageni, na aliyeizaa alikuwa mpishi.

Jina lake Mwamvita, ila kambini kila mtu alimwita Mama Tausi, kwa jina la bintiye wa kwanza. Kwa miaka sita aliwapikia wahifadhi. Ugali wake ulisifiwa, na migebuka yake, samaki wa ziwani wa kukaanga, ilifanya askari wa vituo vingine wabuni sababu za kupita hapa saa za chakula. Hakulichukia jiko. Lakini kila asubuhi wafuatiliaji wa sokwe walipopita mlangoni kwake kwenda mlimani, yeye alibaki na mwiko mkononi na roho imeshawafuata. Kazi ile aliitaka, tena hakuificha. Aliiomba mara nne, akakataliwa mara nne. Mara ya tano mkuu wa kituo, Afande Ntakije, alichoka kukataa, akampa majaribio ya mwezi mmoja.

Sasa, kazi ya mfuatiliaji mnaijua, lakini wacha niiseme kwa faida ya wale wanaosinzia. Sokwe hana zizi. Mgeni anavuka ziwa kwa boti, anapanda mlima mpaka pumzi inamwishia, anavaa barakoa ili asiwaambukize wanyama mafua, na baada ya taabu yote hiyo anaruhusiwa kukaa nao saa moja tu. Na hiyo saa moja haipo kama hakuna mtu aliyejua sokwe wako wapi.

Siku zile wafuatiliaji waliongozwa na Mzee Kalimanzila. Msitu aliujua, hilo halina ubishi, na hata waliomchukia walikiri. Alikuwa na desturi zake mbili. Ya kwanza, saa kumi jioni ikigonga, kila mtu ashuke, popote sokwe walipo, kwa sababu zamani mwenzao alivunjwa mbavu na nyati njiani giza likiingia. Ya pili, asubuhi wasimame ukingoni mwa mlima, wanyamaze, wasikilize. Sokwe wakiamka hupiga kelele, na watu hufuata kelele. Siku nyingi ilitosha. Lakini zipo siku ambazo sokwe hawasemi neno, na zipo siku ambazo sauti hugonga jabali la ng'ambo ikarudi, ukaifuata hadi magoti yalegee, usimkute hata nyani.

Majaribio ya Mama Tausi yalifika wiki ya nne katika msimu mbaya. Mabungo, matunda wayapendayo, yalikuwa yameadimika msituni, na sokwe wenye njaa hupiga kelele chache. Siku tatu mfululizo wageni walipanda na kushuka bila kuona kitu. Watu wakaanza kunong'ona. Walisema tangu mwanamke apande mlimani nuksi imeingia. Mzee Kalimanzila hakulisema, lakini hakulikanusha pia, na kwa Mama Tausi hilo liliuma zaidi kuliko maneno ya wale wengine.

Jioni ya siku ya tatu Afande Ntakije alimwita.

"Kesho kutwa nina wageni sita, walimu kutoka Kasulu," alisema. "Wana siku moja tu. Wakikosa sokwe, majaribio yako yameishia hapo. Maneno yamekuwa mengi, Mama Tausi, nami siwezi kuyajibu kila siku."

"Nimeelewa, Afande."

Alitoka akiwa na hasira. Hakulia. Alikwenda kunoa panga lake na kuziba tundu la buti, maana kesho yake ndiyo ilikuwa siku pekee aliyobakiwa nayo.

Kesho hiyo walizunguka tangu alfajiri. Saa tisa na nusu alasiri, wakiwa wamekwisha kukata tamaa, wakawakuta. Kundi zima lilikuwa kwenye bonde la mto Nkala, wengine wakichambuana manyoya, wadogo wakivutana miguu. Watu wakashusha pumzi. Wakakaa nao nusu saa, kisha Mzee Kalimanzila akatazama saa yake, akajifunga mkoba mgongoni.

"Twendeni zetu. Kesho tutawasikia hapa hapa."

Mama Tausi hakuinuka.

"Mzee wangu, ninyi tangulieni. Mimi nabaki mpaka walale."

"Mpaka walale akina nani?"

"Hawa. Wakishatandika na kulala, nitashuka."

"Desturi unaijua, mama. Nyati hatakuuliza una watoto wangapi."

"Ninao watano," alisema Mama Tausi. "Na ndio walionifundisha. Mtoto ukimwacha anacheza ukaenda zako, asubuhi hujui ameamkia kwa jirani au kwa bibi yake. Lakini uliyemlaza mwenyewe, unajua pa kumwamshia."

Wanaume wakacheka. Mmoja akamwambia basi awaimbie na wimbo wa kubembeleza. Mzee Kalimanzila hakucheka. Alikunja uso, akamtazama kwa muda, kisha akamwagiza Lubunga, askari wa doria mwenye bunduki, abaki naye. Lubunga alibaki shingo upande. Alikuwa na njaa na hakuona sababu.

Sababu aliiona baadaye kidogo. Ilipokaribia saa kumi na moja, dume kubwa liliinuka, likajinyoosha, likaondoka. Kundi zima likafuata. Walivuka mto, wakapanda ukingo wa pili kupitia vichaka vya miiba, wakateremkia bonde jingine kabisa ambalo wafuatiliaji hawakuwa na habari nalo. Mama Tausi aliwaandama, mara akiinama, mara akitambaa. Alikanyaga siafu, wakampanda hadi mapajani, akawang'oa mmoja mmoja huku anatembea. Kila hatua kadhaa alikata kijiti na kukilaza, alama ya kurudia.

"Mama Tausi, inatosha," alisema Lubunga, akihema. "Tumeshajua walikoelekea."

"Kuelekea si kulala, ndugu yangu. Vumilia."

Na wakalala. Saa kumi na mbili na robo, sokwe mmoja baada ya mwingine alipanda mti, akakunja matawi, akayakanyaga, akayalalia. Hutandika kitanda kipya kila jioni, kama mjuavyo. Mama Tausi alisimama chini akihesabu kwa vidole, na wa mwisho alipotulia na mwanawe kifuani, hesabu yake ilikuwa kumi na saba. Ndipo akageuka. Walifika kambini wamelowa jasho, mguu wake mmoja umevimba, wenzao wamekwisha kulala, akala kiporo, akalala.

Asubuhi mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha na ukungu umefunika mlima. Walimu sita wa Kasulu walisimama ukingoni wakitetemeka ndani ya makoti ya mvua. Wote walikuwa kimya, wakisikiliza kama desturi ilivyotaka. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha, kwa mbali, sauti moja ikapanda kutoka bonde la Nkala.

"Hao," alisema Mzee Kalimanzila. "Pale pale tulipowaacha. Haya, twendeni."

Wageni wakaanza kuteremka. Mama Tausi akapita mbele yao, akasimama katikati ya njia.

"Hawako Nkala," alisema. "Wamelala bonde la pili, nyuma ya ukingo ule."

"Na hii sauti niliyoisikia ni ya nani?" aliuliza Mzee Kalimanzila. "Masikio haya yana miaka ishirini kazini."

"Ni ya jabali, Mzee. Mmoja akilia kitandani, inapiga kule ng'ambo, inarudi huku."

Afande Ntakije alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mvua ilikuwa inamchuruzika usoni.

"Mama Tausi, hao sokwe umewasikia au umewaona?"

"Nimewalaza, Afande. Kumi na saba."

Afande akamgeukia Lubunga.

"Nilikuwa naye," alisema Lubunga. "Nikikuhesabia miiba iliyotuchoma, mkubwa, utachoka wewe."

"Tunakwenda na Mama Tausi," Afande akaamua. "Mama, unajua nilichokuambia."

"Najua."

Walitembea kwa muda wa karibu saa mbili, wakifuata vijiti vilivyokatwa. Mzee Kalimanzila alikuja nyuma kabisa. Moyoni alitaka kuwa shahidi wa aibu ya Mama Tausi, na baadaye alikuja kukiri hivyo mbele za watu. Walipofika chini ya miti, Mama Tausi akainua mkono, na wote wakasimama na kuvaa barakoa zao.

Hapakuwa na kitu. Juu palikuwa na mafungu ya majani, mvua ikidondoka juu yake. Hapakuwa na sauti wala tawi lililotikisika. Dakika tano zikapita, zikawa kumi, zikawa ishirini. Mwalimu mmoja alianza kunong'ona na mwenzake kuhusu boti ya saa saba. Mama Tausi alianza kujiuliza. Je, kama walishuka kabla ya mapambazuko? Aliona jiko, aliona mwiko, aliona nyuso za wale watakaosema tulisema sisi. Hata hivyo hakuondoka pale aliposimama. Aliwalaza kwa macho yake, na asiyeamini macho yake hana cha kuamini.

Mzee Kalimanzila alisogea hadi chini ya mti mmoja, akatazama juu, akatikisa kichwa.

"Mama Tausi," alisema kwa sauti ya chini, "hivi ni vitanda vitupu."

Hajamaliza, maji yakamwagika kutoka juu, yakaipiga kofia yake, yakatiririka hadi kwenye kola. Aliyafuta kwa kiganja, akakinusa kiganja. Hayakuwa ya mvua. Yalikuwa ya moto, na yalikuwa na harufu.

Sokwe siku ya mvua huchelewa kuamka kama mtu yeyote mwenye akili, na akiamka, jambo la kwanza analofanya ni lile lile mnalofanya ninyi. Mkono mweusi ukajitokeza juu ya majani, ukafuatiwa na uso wenye usingizi. Kitanda cha pili kikatikisika, kisha cha tatu. Dume kubwa likakaa kitako, likajikuna, likawatazama watu walio chini bila kuwajali. Walimu wa watu waliziba midomo kwa mikono juu ya barakoa. Mmoja wao, mama wa makamo aliyefundisha habari za wanyama miaka thelathini bila kumwona hata mmoja wa hawa, alikuwa analia waziwazi.

Mama Tausi alihesabu mpaka kumi na saba. Afande Ntakije alihesabu pia, akarudia, kisha akamwambia polepole, "Tafuta mtu wa kukurithi jikoni."

Wakati wa kushuka Mzee Kalimanzila alisimama mtoni, akaifua kofia yake, akaikamua, akaivaa mbichi. Watu wakadhani amekasirika, wakamwacha.

Mchana ule ule, wageni walipokwisha kuondoka, wafuatiliaji walipanda tena kwa sokwe. Saa kumi ikafika. Wanaume, kwa mazoea yao, wakasimama, wakafunga mikoba, wakageukia njia ya kambini. Wakamwona mzee wao amekwenda kuketi juu ya mzizi, karibu na Mama Tausi, macho yake kwenye miti.

"Mzee, saa kumi hii," wakamwambia.

"Naiona. Kaeni chini," alisema Mzee Kalimanzila. "Umtakaye asubuhi, mlaze jioni."